Rafu Moja, Karatasi Zinazobishana: Historia ya Yide Lu na Kazi ya Maktaba ya Marejeo



Mfanyabiashara wa Kariakoo au wa Kamukunji akiitaja Yide Lu, mwenzake haulizi ni wapi. Ni barabara ya Guangzhou, kusini mwa China, karibu na ukingo wa kaskazini wa mto Zhujiang, na maduka yake huuza kwa jumla midoli, mapambo ya sherehe, vifaa vya shule na vyakula vya baharini vilivyokaushwa. Bidhaa zake zimeingia majumbani mwetu kuanzia pwani hadi mashariki ya Kongo. Lakini tukiulizwa barabara hiyo ilitokea wapi, palikuwa na nini kabla ya maduka, na watu wa Afrika Mashariki waliingiaje katika habari zake, wengi wetu tuna majibu mawili. La kwanza husema Wachina na Waafrika ni marafiki wa tangu zamani. La pili husema tulifika juzi kufuata bei nafuu. Majibu haya yamelingana kwa udhaifu, maana kila moja limemsikiliza shahidi mmoja na kufunga kesi. Hoja yangu ni kwamba historia ya mahali kama hapa hujulikana pale maandishi ya watu waliotofautiana, na hata waliopigana, yanapowekwa juu ya meza moja yakaachwa yabishane. Meza hiyo ndiyo maktaba ya marejeo. Na jamii inayofanya biashara mbali na kwao bila kuwa na meza ya namna hiyo, historia yake itaandikwa na wengine.

Maktaba ya marejeo ni ile ambayo vitabu havitoki mlangoni. Msomaji huomba, huletewa, husoma papo hapo na kurudisha. Wengi huliona sharti hilo ni kero, ila lina faida yake: kitabu kisichoazimwa kipo kila siku, na kilicho jirani yake rafuni kipo vilevile, hivyo dai la kimoja linaweza kupimwa kwa kingine saa ile ile. Guangzhou imejaliwa katika jambo hili. Maktaba ya Sun Yat-sen ya Mkoa wa Guangdong, iliyoanza mwaka 1912, ina mkusanyo mkubwa wa maandiko ya kienyeji, na haiko mbali na Yide Lu. Mwaka 2015 ulichapishwa mkusanyo uitwao Guangzhou Dadian, majuzuu 520 yenye maandiko 4,064 ya zamani yaliyoandikwa na watu wa eneo hilo au kulihusu. Kwetu tuna Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, mkusanyo wa Afrika Mashariki katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani, na maktaba ya Fort Jesus mjini Mombasa. Nitajaribu kuonyesha kwamba rafu za pande hizi mbili za bahari zinahitajiana, na kwamba kila upande ukisomwa peke yake hudanganya kwa kunyamaza.

Tuanze na kiwanja kimoja. Kando ya Yide Lu limesimama Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, ambalo wenyeji huliita Shishi, nyumba ya mawe. Limejengwa kwa itale, lina minara miwili yenye urefu wa zaidi ya mita 58, na ujenzi wake ulianza mwaka 1863 ukamalizika mwaka 1888. Waafrika wanaolifahamu ni wengi, kwa kuwa Misa yake ya Kiingereza ya Jumapili alasiri imekuwa kwa miaka mahali pa kukutania wageni wa mji. Anayeshika kumbukumbu za wamisionari peke yake atasoma habari za Askofu Guillemin wa Shirika la Misheni za Kigeni la Paris, za wasanifu wawili wa Kifaransa, Vautrin na Humbert, na za mawe ya msingi yaliyochorwa majina ya Roma na Yerusalemu pamoja na mwaka 1863. Ataondoka na hadithi ya imani na subira ya miaka 25. Hadithi hiyo ni ya kweli. Ila haisemi kiwanja kilikuwa cha nani.

Swali hilo linajibiwa na rafu ya pili, ile ya tarihi za wilaya. Hivi ni vitabu ambavyo maofisa na wasomi wa China walivitunga kizazi baada ya kizazi, wakiorodhesha malango, mahekalu, kodi, mafuriko na watu mashuhuri wa mahali pao. Pale lilipo kanisa palikuwa na ofisi na makazi ya Gavana Mkuu wa Guangdong na Guangxi, mmoja wa watumishi wakubwa kabisa wa mfalme wa China. Mwishoni mwa Desemba 1857, katika Vita vya Pili vya Afyuni, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliupiga mji kwa mizinga na kuuteka. Gavana Mkuu Ye Mingchen alikamatwa Januari 5, 1858, akapelekwa Calcutta, akafia huko mwaka uliofuata. Ofisi yake ilibaki magofu. Baada ya mkataba uliotiwa saini Beijing mwaka 1860, Wafaransa walidai ardhi kwa ajili ya kanisa, na kiwanja hicho kikaingia mikononi mwa misheni mwaka 1861, majeshi ya kigeni yakiwa bado yameukalia mji. Kwa hiyo maelezo ya msomi wa Kichina ya kwamba kanisa lilisimamishwa juu ya kushindwa kwa nchi yake ni ya kweli pia. Lakini na yeye ana kimya chake. Akimtazama Ye humwona mara nyingi kuwa mzee mkaidi aliyeshindwa kupigana na akashindwa kupatana, kisha anampita.

Rafu ya tatu iko mbali zaidi. Majeshi yalipomteka Ye yaliteka na makabrasha ya ofisi yake: barua, ripoti za wapelelezi, hesabu za fedha, taarifa za waasi. Makabrasha hayo leo yamo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza pale Kew, London, katika fungu liitwalo FO 931. Kwa zaidi ya karne moja yalikuwa karibu sawa na hayapo, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema kwa urahisi ndani yake mna nini. Mwaka 1975 mwanahistoria David Pong alichapisha mwongozo wa makabrasha hayo, kitabu kikavu cha kuorodhesha hati moja moja. Mwaka uliofuata J. Y. Wong alichapisha kitabu juu ya Ye kilichotokana na hati hizo, na mzee mkaidi akageuka mtawala aliyekuwa akizima uasi mkubwa uliouzunguka mji mwaka 1854 na 1855, akitafuta fedha za vita katika hazina iliyokauka, na akipokea habari za Waingereza kutoka kwa watu wake. Haikufuata kwamba alikuwa na haki katika kila jambo. Kilichofuata ni kwamba sasa anaweza kuhukumiwa kwa matendo yake yaliyo kwenye hati, na si kwa vichekesho vya maadui zake wala kwa aibu ya wananchi wake.

Tazameni basi kiwanja kimoja kilivyogawana mashahidi. Misheni inajua mjenzi, tarihi inajua mwenyewe, na London inajua kazi za ofisi iliyobomolewa. Hata kuhusu ujenzi, vitabu vya kigeni huwataja kwanza wasanifu wa Kifaransa, ilhali kumbukumbu za wenyeji zinamtaja Cai Xiao, fundi mkuu wa mawe aliyesimamia kazi ambayo michoro ya Ulaya peke yake isingeimaliza. Hakuna katika mashahidi hawa aliyesema uongo ulio wazi. Kila mmoja alinyamaza pale palipomuuma au pasipomhusu. Mtu atakayewaita wote barazani lazima awe na mahali pa kuwakalisha, na lazima awe na orodha ya majina yao. Ndiyo maana nasema chombo kikuu cha maktaba ya marejeo ni faharasa, mwongozo na katalogi, kabla hata ya kitabu chenyewe. Watu husifu waandishi wa historia na kuwasahau watunga orodha, ilhali bila orodha kama ya Pong kazi ya waandishi hao huwa ngumu maradufu.

Sasa tuitazame barabara yenyewe. Mara nyingi wageni huambiwa kwamba Yide Lu ni soko la miaka elfu. Ukifungua ramani ya Guangzhou iliyotolewa mwaka 1860 na mmisionari wa Kimarekani Daniel Vrooman hutaona Yide Lu. Utaona ukuta. Katika enzi ya Ming, mwaka 1565, mji uliongezewa upande wa kusini eneo lililoitwa mji mpya, nalo likazungushiwa ukuta wake. Ukuta huo ulisimama hadi Oktoba 1918 ilipoundwa ofisi ya kusimamia mji, ambayo kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kubomoa kuta na kutandaza barabara pana mahali pake. Yide Lu ni mmoja wa watoto wa ubomoaji huo. Umri wake ni wa karne moja na kidogo. Anayetafuta habari za eneo hilo kabla ya hapo asitafute jina la barabara. Inambidi ajue kwamba mji wa zamani uligawanywa kati ya wilaya mbili, Nanhai upande wa magharibi na Panyu upande wa mashariki, na kwamba kona hii ilikuwa chini ya Nanhai. Haya ni maarifa madogo ya mtumishi wa dawati la marejeo, lakini asiyekuwa nayo atatafuta siku nzima na kutangaza kwamba hakuna kitu.

Je, barabara kuwa changa kunaifanya biashara nayo kuwa changa? Hapana, na hapa ndipo tarihi inapotuokoa tusianguke upande wa pili. Tarihi ya Nanhai ya mwaka 1304, ambayo imesalia vipande tu, ina orodha ya majina zaidi ya 140 ya nchi za ng'ambo zilizohusiana na bandari hii, tangu visiwa vya jirani hadi nchi za Waarabu na Waajemi. Mwendo mfupi kutoka Yide Lu, mtaa wa Guangta, upo msikiti wa Huaisheng, katika eneo ambalo zamani lilikuwa mtaa wa wafanyabiashara wa kigeni. Zhu Yu, ambaye kitabu chake ni cha mwaka 1119 na ambaye baba yake alikuwa ofisa Guangzhou, ameeleza jinsi wageni hao walivyokuwa na mkuu wao aliyesimamia mambo yao. Basi ukweli una ngazi mbili: mahali ni pa kale, barabara ni mpya. Muuza duka anayejivunia miaka elfu na mpangaji miji anayeanza hesabu mwaka 1918 wote wana sehemu ya haki, na ni ramani na tarihi, zikiwa pamoja, zinazoonyesha mpaka wa haki ya kila mmoja.

Na sisi je, tumo wapi? Hapa ndipo rafu za Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa zinapohitajika. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika pwani yetu mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba pembe za ndovu za nchi ya Zanji zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda China na India. Sentensi hiyo ina uzito kuliko hotuba nyingi za urafiki, maana inataja bidhaa, njia na dalali. Inatuonya kwamba kuwapo kwa mali yetu Guangzhou hakumaanishi kuwapo kwa mabaharia wetu. Mwomani na Mwajemi walisimama katikati wakala faida yao. Hatua chache kaskazini mwa Yide Lu kuna mtaa wa Daxin, uliosifika kwa mafundi wa kuchonga pembe, kazi ambayo biashara yake ilipigwa marufuku nchini China mwishoni mwa mwaka 2017. Kwa upande wa pili, kule Kajengwa, kusini mwa Unguja, zilipatikana mwaka 1945 sarafu za China zilizofukiwa, nyingi zikiwa za enzi ya Song. Sarafu peke yake hazisemi nani alizileta. Al-Masudi peke yake hasemi malipo yalifikaje. Tarihi ya 1304 peke yake inatoa majina bila mizigo. Zikikaa pamoja zinaanza kuchora njia moja ya biashara, yenye vituo na yenye watu wa kati.

Bidhaa za leo zinahitaji uangalifu ule ule. Wavuvi na walanguzi wa kwetu wanajua vizuri kwamba jongoo bahari wa pwani na mabondo ya sangara wa Ziwa Victoria huishia katika masoko ya Hong Kong na kusini mwa China, ambako maduka kama ya Yide Lu huyauza kwa bei inayomshangaza aliyeyatoa majini. Ni rahisi kusema kwamba biashara hizi mbili ni ndugu na zina umri mmoja. Ripoti za uvuvi zinakataa. Sangara si samaki wa asili wa ziwa hilo. Alipandikizwa katika miaka ya 1950, akatapakaa na kuwa samaki wa biashara kubwa katika miaka ya 1980. Kwa hiyo bondo la sangara haliwezi kuwa na historia ndefu kuliko hiyo, hata kama mnunuzi wa Guangzhou anakula mabondo ya samaki wengine kwa desturi ya kale. Jongoo bahari ni habari nyingine, kwa kuwa ni kiumbe wa bahari yetu na walaji wake wa China ni wa zamani. Mtu wa Mwanza na mtu wa Unguja wanaweza kusimama mbele ya duka moja Yide Lu wakiwa wamefika hapo kwa historia mbili tofauti kabisa, na kinachozitenganisha ni ripoti za idara za uvuvi ambazo hakuna anayezisoma kwa burudani.

Nimesema meza hii huacha karatasi zibishane, na ubishi mwingine ni mchungu. Tunapenda kusimulia habari ya mwaka 1415, wajumbe wa Malindi walipompelekea mfalme wa Ming twiga, na habari za jahazi za Zheng He, amiri wa Ming, kufika pwani yetu. Twiga yule ni wa kweli. Lakini Zhu Yu yule yule anayeeleza mtaa wa wageni anaeleza pia kwamba matajiri wa Guangzhou walimiliki watumwa weusi wenye nguvu, waliougua kwa kubadilishiwa chakula, na waliobaki hai walijifunza kuelewa amri bila kuweza kuisema lugha. Wataalamu hawajakubaliana kama watu hao walitoka visiwa vya kusini mashariki mwa Asia au Afrika, au sehemu zote mbili. Maktaba nzuri haiufichi ukurasa huo ili kulinda sherehe za urafiki, na haiugeuzi kuwa hati ya mashtaka kabla ya ubishi wa wataalamu kusikilizwa. Huuweka kando ya twiga. Atakayesoma kurasa zote mbili atazungumza na Mchina kwa adabu zaidi na kwa woga mdogo zaidi kuliko yule aliyesoma mmoja.

Zipo pingamizi, na baadhi yake ni nzito. Ya kwanza ni ya vijana: mtandao una kila kitu, kwa nini mtu asafiri hadi chumba cha kusomea? Nakubali kwamba ramani, tarihi na magazeti mengi yamewekwa mtandaoni, na kwamba msomaji wa Mtwara leo anaona vitu ambavyo babu yake asingeviona. Hata hivyo mtandao hujibu unapojua la kuuliza. Anayeandika jina la Yide Lu akitaka habari za mwaka 1850 atapata ukimya, na mashine haitamwambia kwamba aulize ukuta wa mji mpya, wilaya ya Nanhai au fungu fulani la London. Uhusiano kati ya karatasi zilizotawanyika huwekwa na mtu aliyezisoma. Anaweza kuufanya uhusiano huo upatikane kwa simu, na ni vyema afanye hivyo, lakini kwanza lazima awepo na alipwe. Kinachotetewa hapa ni kazi ya kuunganisha, na kazi hiyo mpaka sasa imefanywa vizuri zaidi katika vyumba vya marejeo.

Pingamizi ya pili inasema sisi ni watu wa masimulizi, na kwamba kumbukumbu za wazee na wasafiri zinatosha. Masimulizi yana nguvu ambayo karatasi haina: yanaeleza sababu za watu, hofu zao, na heshima waliyopewa au kunyimwa. Hakuna bili inayoweza kusema kwa nini mama mmoja wa Kariakoo aliacha kuuza vitenge akaanza kuuza midoli. Udhaifu wa masimulizi uko katika mpangilio wa miaka na katika idadi. Maneno ya jumla kama "tangu zamani" humeza karne tano na miaka mitano kwa funda moja. Ndiyo sababu masimulizi yaliyorekodiwa yawekwe katika rafu ile ile ya hati, yasomwe pamoja nazo, na yapewe haki ya kuzisahihisha hati pia. Mwanahistoria Jamie Monson alipoandika juu ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, katika kitabu chake cha mwaka 2009, alizisoma nyaraka za reli pamoja na masimulizi ya wafanyakazi na wanavijiji waliokaa kando yake, na ndiyo maana kitabu chake kinaeleza reli iliyotumiwa na watu wa kawaida, pamoja na ile iliyojengwa na serikali.

Mfano wa TAZARA unagusa Guangzhou kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Gharama za ndani za ujenzi huo, uliofanyika kati ya 1970 na 1975, zililipwa kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa bidhaa: China ilileta bidhaa, zikauzwa Tanzania na Zambia, na fedha za mauzo zikaingia katika ujenzi. Katika miaka hiyo maonyesho ya bidhaa za China za kuuzwa nje, yaliyoanzishwa Guangzhou mwaka 1957, yalikuwa yakifanyika katika jengo la uwanja wa Haizhu, unaopakana na Yide Lu, kabla ya kuhamishwa mwaka 1974. Hivyo bidhaa za kila siku za China zilikwisha kuwa madukani kwetu kabla ya mfanyabiashara mmoja mmoja kuanza kupanda ndege kuzifuata. Yule anayesema tulifika juzi tu anahesabu safari za abiria na kusahau safari za bidhaa.

Pingamizi ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: maktaba zimejaa maneno ya wenye nguvu, na mtu wetu hayumo. Ni kweli kwa kiasi kikubwa, na mambo ya karibuni yanathibitisha. Kwa miaka mingi magazeti yalitaja idadi ya Waafrika wa Guangzhou kuwa laki moja, na mengine laki mbili. Oktoba 2014, wakati wa hofu ya Ebola, maofisa wa mji walitaja watu 16,000 hivi. Aprili 2020, wakati wa korona, walitaja 4,553. Mtu anaweza kuchukua tarakimu hizi na kudai kwamba jamii nzima imeanguka kutoka laki mbili hadi elfu nne, au kwamba magazeti yalidanganya tangu mwanzo. Dawati la marejeo lingemuuliza kwanza kila idadi ilihesabu nani: wakazi wenye vibali, wageni wa siku chache, au wote walioingia na kutoka? Na ilihesabiwa wakati gani, mipaka ikiwa wazi au imefungwa? Mwezi huo huo wa Aprili 2020 Waafrika walifukuzwa katika nyumba na hoteli, wengine wakalazimishwa karantini, na mabalozi wa Afrika mjini Beijing wakaandika barua ya malalamiko. Nao maofisa wa China wakasema wageni wote wanatendewa sawa. Karatasi za mabalozi zipo, za maofisa zipo. Karatasi za waliolala nje ziko wapi? Ziko katika simu zao, na simu huibwa, huvunjika, huuzwa.

Kwa hiyo pingamizi hiyo, ikifuatwa hadi mwisho wake, inadai kitu kimoja: tuweke zetu. Adams Bodomo, Gordon Mathews na watafiti wengine wameandika vitabu vizuri juu ya Waafrika wa Guangzhou, na tunawashukuru. Lakini mfanyabiashara wa Afrika Mashariki huacha kila msimu hati ambazo hakuna mtafiti anayeweza kuzitunga: risiti za duka, orodha za mizigo, hati za shehena, madaftari ya wanaochangia kontena, picha za sampuli zenye bei pembeni, mazungumzo ya sauti na wakala wa mizigo. Katika hizo mna historia ya mitindo ya harusi zetu, ya mikoba ya watoto wetu wa shule, ya kupanda na kushuka kwa shilingi, ya uaminifu na utapeli. Wahenga waliosema mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wakimwonya mwenye duka. Onyo hilo linaihusu jamii nzima, na safari hii kinachopotea kwanza ni daftari.

Hapa huja pingamizi ya mwisho, ya tahadhari: hati kama hizi zinaweza kumwumiza mwenyewe mbele ya mtoza ushuru, ofisa wa uhamiaji au mshindani. Asiyeijibu pingamizi hii hastahili kupewa hata risiti moja. Lakini nyumba za nyaraka zilikwisha kuishi na tatizo hili muda mrefu. Hati nyingi za serikali hufungwa kwa miaka 30 kabla ya kusomwa na umma. Majina yanaweza kufunikwa. Mwenye hati anaweza kuweka sharti kwamba zisifunguliwe angali hai. Siri ya mtu mmoja inaweza kulindwa bila kuifuta historia ya watu wote. Kinachohitajika ni mkataba ulioandikwa kwa lugha anayoielewa aliyetoa, na mtunzaji atakayeuheshimu hata akibembelezwa.

Sioni haja ya kuanza na jengo. Maktaba zilizotajwa hapo awali zina vyumba, na nyingi zina watumishi wanaojua kazi yao kuliko wanavyopewa nafasi ya kuionyesha. Kianze kitabu kimoja chembamba: mwongozo wa Kiswahili wa vyanzo vya historia ya Afrika Mashariki na Guangzhou, unaosema kila hati iko wapi, ya lugha gani, ya mwaka gani, na nani anaruhusiwa kuiona. Tarihi ya 1304, ramani ya 1860, fungu la London, ripoti za uvuvi, sarafu za Kajengwa, barua za 2020, vyote viwe kwenye orodha moja. Kisha vyama vya wafanyabiashara wa Kariakoo, Kamukunji, Darajani na Kampala viombwe kuweka makabrasha ya msimu mmoja tu, nakala mbili, katika maktaba mbili tofauti, kwa masharti niliyoyataja. Gharama yake ni ndogo kuliko ya nusu ya kontena. Hati za Ye Mingchen zilikaa miaka 117 tangu zitekwe hadi zikapata mwongozo uliochapishwa, na wakati huo wote watu waliendelea kumhukumu kwa uvumi. Hatuna sababu ya kusubiri hivyo, kwa kuwa hati zetu hakuna aliyeziteka. Bado ziko mikononi mwetu, na uamuzi wa kuziorodhesha hauhitaji ruhusa ya Beijing wala ya London.